Kaka Anataka Kuniachia Chatu Wake wa Mita 3.4: Nimchukue?

"Daktari, shikamoo. Kaka yangu amepata kazi ng'ambo, anaondoka baada ya miezi miwili. Ana chatu wa Burma, jike wa miaka sita, urefu mita 3.4. Alimlea tangu akiwa mdogo wa kujikunja kiganjani. Anataka nibaki naye mimi, kwani anasema nyoka huyu ni mpole kuliko paka na ananijua. Ninampenda kweli, simwogopi, nimekuwa nikimshika miaka yote hiyo. Nyumbani niko na mume wangu, mtoto wa miaka minne, na mama mzazi ambaye aliwekewa figo na anatumia dawa za kushusha kinga ya mwili. Mama hataki hata kumsikia. Anasema chatu akijinyoosha kando ya mtu anampima ili amle, na kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kaka anasema hizo ni hadithi tu, chatu aliyeshiba hamgusi anayemjua. Nani mkweli? Na je, nikimtengenezea kizimba kikubwa chenye kufuli, si inatosha?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara jicho langu lilirudi kwenye yale maneno, "Ninampenda kweli." Nakuamini. Kwa hiyo sitakueleza habari za nyoka kama mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza. Nitakuchukulia kuwa unaweza kumtunza, kisha nikueleze kwa nini, pamoja na hayo yote, kwa nyumba uliyonielezea jibu langu ni usimchukue.

Nimelitanguliza jibu ili usisome ukiwa roho juu. Sasa tukae tulizungumze, maana hukuuliza ndiyo au hapana peke yake.

Unataka kujua nani mkweli kati ya mama na kaka. Naona wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Mama amempa chatu moyo wa mtu mbaya: anapima, anapanga, anangoja mwenye nyumba alale. Kaka amempa moyo wa mtu mwema: anakumbuka alikolelewa, anamheshimu aliyemlisha. Chatu hana moyo wa namna hiyo, si huu wala ule. Ana mwili wenye utaratibu wake, na ukiuelewa mwili huo utaona hatari iko wapi na wapi haipo.

Hadithi ya kupimwa nimeisikia tangu nianze kazi hii. Anayeisimulia siku zote anamjua mtu aliyemjua mtu fulani, aliyekuwa akilala na chatu wake kitandani, mpaka chatu akaacha kula na kuanza kulala amenyooka ubavuni mwake, na daktari akamwambia, "Anakupima." Daktari huyo sijawahi kukutana naye, wala sijakutana na aliyekutana naye. Chatu ni mwindaji wa kuvizia. Hujikunja, shingo ikapinda kama herufi S, akatulia hapo hata siku kadhaa mpaka kitu chenye joto na harufu ya windo kipite karibu na kichwa chake. Akiamua kuruka, mambo yamekwisha kabla hujapepesa jicho. Hana haja ya kuchukua vipimo. Chatu aliyenyooka anatembea, au anapumzika, au anatafuta joto. Ukimkuta amelala kando ya godoro lako amefuata joto la mwili wako, kama ambavyo angefuata bomba la maji ya moto.

Mama basi hana haki ya kuogopa kupimwa. Lakini hapohapo ndipo faraja ya kaka yako nayo inapoanguka, kwa sababu nyoka asiyepima hawezi pia kusema, "Huyu ni mkubwa, sitaweza kummeza, nimwache." Mwaka 2017 huko Hampshire, Uingereza, kijana wa miaka 31 aliuawa chumbani mwake na chatu wa Afrika aliyekuwa akimfuga. Alikuwa amefuga nyoka kwa miaka mingi, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Chatu mwenyewe alikuwa na takriban mita 2.4, yaani mfupi kuliko huyu wenu kwa mita nzima. Kummeza mtu mzima asingeweza kamwe. Alikaba kitu ambacho hakuwa na pa kukipeleka.

Nyoka ana sababu mbili kubwa za kuuma, na karibu kila anayeniandikia huzichanganya. Ya kwanza ni kujihami. Amestushwa, ameshikwa vibaya, amekosa pa kukimbilia: anapiga, anaachia, anarudi nyuma. Sababu hii ndiyo inayopunguzwa na mazoea. Nyoka anayeshikwa kwa upole tangu utotoni huacha kuuona mkono wa mtu kuwa adui. Kaka yako amelifanya hilo kwa subira ya miaka sita, na nampa heshima yake. Ya pili ni kula. Hapo hapana woga wala hasira: anapiga, haachii, anajiviringisha. Mazoea hayaifikii sababu hii. Ndiyo maana nyoka aliye mpole kuliko paka, ambaye hajawahi hata kumfokea mtu, bado anaweza siku moja kuukosea mkono akadhani ni chakula. Upole wake ni wa kweli. Ila upole unahusu jambo jingine.

Anakoseaje? Ulimi ule unaoingia na kutoka huokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, kiitwacho kiungo cha Jacobson. Kwenye midomo yake kuna safu ya vishimo vinavyohisi joto hata gizani. Macho yake huvutwa na kinachosogea. Harufu ya windo, joto na mwendo vikikutana mahali pamoja, mwili hautafuti ushahidi wa nne. Kushiba husaidia, lakini hakuzimi jambo hili. Nimeona chatu aliyemaliza kumeza sungura akimrukia aliyekuja kufunga mlango, maana harufu ya sungura bado ilikuwa imetanda kizimbani.

Nami limenipata. Kulikuwa na jike mmoja niliyemtibu kwa miaka tisa, mtulivu kiasi kwamba wanafunzi wangu wote walijifunza kusikiliza mapigo ya moyo wa nyoka kupitia kwake. Asubuhi moja nilitoka kumpasua sungura. Nilinawa mikono hadi viwikoni, lakini koti nililobaki nalo ndilo lilelile. Nikafungua kizimba polepole kama siku zote. Kuruka kwake sikukuona. Niliuona mlango, kisha nikakiona kichwa chake kwenye kifundo cha mkono wangu, na kati ya hayo mawili sina kumbukumbu ya kitu. Pindo la kwanza lilikuwa tayari mkononi. La pili lilifika nikiwa bado namwita msaidizi wangu. Vidole viliiva vikawa vyekundu, vikageuka zambarau. Nilikuwa nikisikia mapigo ya moyo wangu mwenyewe kwenye ncha za vidole, halafu sikuyasikia tena. Msaidizi hakuvuta kichwa, maana meno ya chatu yameelekea nyuma kama ndoano, ukivuta unachana nyama. Alianza na mkia, akamkunjua pindo baada ya pindo, huku mwenzake akimmwagia maji ya baridi kichwani. Siku tatu baadaye nilikuwa bado natoa vipande vya meno chini ya ngozi.

Juma lililofuata nilimshika tena, mtulivu vilevile. Hakuwa amegeuka. Mkono wa koti langu ulinuka sungura, basi. Ila mimi nilikuwa mtu mzima, nimesimama, na watu wawili wanaojua la kufanya walikuwa hatua tano kutoka nilipo. Sasa mweke mwanao hapo. Mtoto wa miaka minne ana mikono ya moto, hatulii, na hujui ameshika nini tangu asubuhi.

Watu pia hudhani chatu humnyima windo lake pumzi, kwa hiyo kuna dakika kadhaa za kukimbilia msaada. Kwa muda mrefu hata sisi tulifundishwa hivyo. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wa Chuo cha Dickinson, Marekani, walichapisha utafiti uliopima mwili wa panya akiwa amekabwa na boa, nyoka anayekaba windo kama chatu, na wakaonesha kuwa kinachozimika mwanzo ni mzunguko wa damu. Ndani ya sekunde chache tu shinikizo la damu kwenye mishipa ya ateri lilishuka, damu ikashindwa kurudi kwenye moyo, na moyo ukaanza kupoteza mdundo wake. Ubongo usiopata damu hupoteza fahamu upesi kuliko ubongo uliokosa pumzi tu. Miaka mitatu kabla, kundi hilohilo lilikuwa limegundua kwamba boa huusikia moyo wa windo lake ukidunda, na huendelea kubana mpaka udundo huo ukome. Kwa hiyo aliyekabwa akizimia na kulegea, hiyo haimwambii nyoka aachie. Hesabu ya "nitakimbia kutoka jikoni" haifai.

Nisikutishe kupita kiasi. Vifo vya watu kwa chatu wa kufugwa ni vichache mno ukilinganisha na idadi ya chatu wanaofugwa, na wako wafugaji wanaozeeka na chatu wao bila mkasa wowote. Lakini nimeyafuatilia matukio haya kwa miaka, na yaliyohusu watoto yanafanana. Florida, mwaka 2009, mtoto wa kike wa miaka miwili aliuawa na chatu wa Burma aliyetoka usiku kwenye kizimba kisichokuwa na kufuli. Campbellton, Kanada, mwaka 2013, ndugu wawili wa miaka minne na sita waliuawa wakiwa wamelala. Chatu wa Afrika alikuwa amepenya kwenye njia ya kupitishia hewa ya kizimba chake na kutokea chumba walimolala. Katika yote hayo hapana aliyemchokoza nyoka. Kizimba ndicho kilichoshindwa.

Hapo nimefikia swali lako la kufuli. Kizimba kikubwa chenye kufuli ni cha lazima, lakini hakitoshi, na sababu yake ni kwamba kufuli hufungwa na mtu. Chatu wa mita tatu na nusu ni msuli mtupu. Anaweza kuusukuma mlango wa kioo cha kuteleza usiku kucha, kila usiku, bila kuchoka wala kukata tamaa, akitafuta uwazi wa milimita chache. Wewe utafunga mlango huo mara maelfu katika maisha yake. Siku moja simu italia, mtoto atalia, au mgeni atabisha, na utasema nitarudi kufunga. Wafugaji makini wanalijua hilo kuhusu nafsi zao, ndiyo maana hawategemei kufuli moja. Nyoka hukaa kwenye kizimba kinachofungwa, ndani ya chumba chake peke yake kinachofungwa pia, chumba kisicho na dari ya kupenyeka wala tundu la hewa lisilo na wavu wa chuma, na ufunguo hauning'inizwi mahali mtoto anapofikia. Wewe unacho chumba kama hicho? Barua yako haikusema, na nahisi ungekuwa nacho ungekitaja.

Kuhusu mama, ningependa tuache kidogo habari ya kukabwa. Nyoka wengi wenye afya njema hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa. Wanatoka na kinyesi, wanaenea kwenye magamba, kwenye bakuli la maji, kwenye mikono ya aliyemshika, kisha kwenye kitasa cha mlango. Kwa mtu mwenye kinga kamili mara nyingi huishia kwenye kuhara siku chache. Kwa mtu aliyewekewa figo na anayemeza dawa za kushusha kinga, bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu. Mamlaka za afya hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, au mtu mwenye kinga hafifu, isiwe na mnyama yeyote wa jamii ya reptilia, yaani nyoka, mijusi, kobe na wenzao. Wewe unao wote wawili. Hata kama chatu angekuwa wa nusu mita, jambo hili peke yake lingenitosha kukwambia ngoja. Mama anaogopa kwa sababu isiyo sahihi, lakini anayo sababu.

Sasa tuseme haya yote yasingekuwepo. Yeye mwenyewe anahitaji nini? Maana mara nyingi tunauliza kama chatu ni salama kwetu, hatuulizi kama sisi ni salama kwake.

Bado anakua. Wapo wanaoamini nyoka hukua kwa kadiri ya kizimba chake, na hilo si kweli. Kizimba kidogo hukupa nyoka mgonjwa, hakikupi nyoka mfupi. Majike wa chatu wa Burma hupita mita nne kwa kawaida. Mwaka 2022 watafiti kusini mwa Florida walitangaza kumpata jike wa porini mwenye karibu kilo 98, na mayai 122 yakikua tumboni. Wako hatafika huko, lakini panga kwa mnyama utakayeshindwa kumwinua peke yako. Atataka kizimba chenye urefu wa kumtosha kujinyoosha, na maji ya kujiloweka mwili mzima. Joto liwe nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja na karibu 26 upande wa pili, ajichagulie. Joto hilo si anasa. Chatu akimeza mlo mkubwa mwili wake hubadilika kwa namna ambayo mpaka leo hunistaajabisha: ndani ya saa 48 moyo wake huongezeka uzito kwa takriban asilimia 40, utumbo hunenepa, ini hukua, na kazi yote ikiisha hivyo vyote hurudi vilivyokuwa. Moto wa kuendesha mtambo huo hautoki ndani yake, unatoka kwenye taa na kuta za kizimba. Ukipungua, chakula humwozea tumboni, naye hutapika au hufa.

Ukizidi, huungua. Wiki chache zilizopita nililetewa chatu ambaye gamba la tumboni lilikuwa limegeuka kahawia na kubanduka kwa urefu wa mkono. Alikuwa amelala juu ya jiwe la umeme lisilo na themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Mwenye nyoka alilia. "Kwa nini hakuondoka?" aliniuliza. Hakuondoka kwa sababu hewa ya kizimba ilikuwa baridi, na mwili wake ulikuwa ukitafuta joto, na ngozi ya tumbo haimwonyi upesi kama yetu inavyotuonya. Kidonda kile kitachukua miezi, na kila akijivua gamba kitachubuka tena.

Ongeza sungura mzima kila wiki tatu au nne, aliyekwisha kufa na kugandishwa kisha akayeyushwa vizuri, maana windo lililo hai huweza kumng'ata nyoka akapofuka. Na miaka. Anayo sita, chatu wa Burma anayetunzwa vema hupita ishirini. Jamaa zake huishi hata zaidi: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, kulikuwa na chatu mdogo wa Afrika Magharibi aliyetaga mayai mwaka 2020 akiwa na umri unaokadiriwa kupita miaka 60. Mwanao atakuwa amemaliza shule na nyoka bado yuko hapo, akikutegemea.

Halafu kuna mumeo, uliyemtaja kwa neno moja tu. Nyoka anayezidi mita mbili na nusu au tatu hashikwi wala halishwi na mtu mmoja. Hii ni kanuni ninayoisimamia bila kuipunguza. Mtu wa pili awe mzima, mwenye nguvu, hapohapo chumbani, si sebuleni akiangalia mpira, na awe anajua kukunjua kuanzia mkia. Je, mumeo ameulizwa? Na ukisafiri, nani atakuwa wa pili wake?

Ningekwambia mchukue lini, basi? Kama ungekuwa na nyumba ya watu wazima wenye afya, wawili wakiwa wamejifunza kumshika na wamekubali kwa moyo wao. Chumba chake peke yake. Daktari wa wanyama anayejua nyoka karibu nawe. Kibali kama sheria ya nchi yako inakitaka, na nyingi zinakitaka. Na mpango ulioandikwa wa atakayebaki naye ukishindwa. Mtu wa namna hiyo akiniandikia, humwambia karibu, na humsaidia. Hata wewe, miaka kumi ijayo, huenda ukawa mtu huyo.

Lililobaki ni aende wapi, na miezi miwili inatosha mkianza wiki hii. Kaka yako aanze na mtu aliyemuuzia, kisha wafugaji wazoefu wa nyoka wakubwa, halafu vituo vya uokoaji wa wanyama na bustani za wanyama. Atakataliwa mara kadhaa, kwa sababu kila kituo kimejaa majike wa chatu waliokuwa wadogo wa kiganjani. Asikate tamaa kwa jibu la kwanza. Kila anayejitokeza aende kwake, akione kizimba kwa macho yake, aulize mtu wa pili ni nani. Asiyetaka kukuonesha mahali atakapomweka hafai, hata akiongea asali. Kama kaka anawaza kusafiri naye, ajue kwamba chatu wote wako chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori, havuki mpaka bila hati, na baadhi ya nchi hazimpokei kabisa. Marekani iliweka zuio la kumwingiza chatu wa Burma mwaka 2012.

Kitu kimoja msikifanye hata mkibanwa vipi: msimwachie porini. Nyoka aliyelelewa kwenye joto la taa ama atakufa kwa taabu, ama atafaulu, na akifaulu ni balaa jingine. Mbuga ya Everglades huko Florida imejaa chatu waliotokana na wa kufugwa, na utafiti uliochapishwa 2012 ulionesha kuwa rakuni, wanyama wadogo wenye manyoya wa huko Marekani, walioonekana barabarani usiku walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Na ikiwa milango yote itafungwa, kumlaza usingizi wa mwisho mikononi mwa daktari kwa sindano ni afadhali kuliko kumpa mtu wa ovyo. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeshalifanya. Kumweka kwenye friza, kama wengine wanavyoshauriana, ni mateso, usikubali.

Kabla hajahamishwa, apelekwe akapimwe, hata kama anaonekana mzima. Asingoje tarehe ya kupimwa mkimwona anapumua kwa mdomo wazi, au mapovu yakimtoka puani, au akiinua kichwa na kutazama juu muda mrefu kama aliyepotea, au ameshindwa kujigeuza akipinduliwa chali. Hizo ni dalili za maambukizi ya mapafu au ya ubongo, na baadhi yake huambukiza nyoka wengine huko aendako. Na mtu yeyote akiumwa naye, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa maji mengi na aende hospitali siku hiyohiyo; hana sumu, lakini mdomo wake una uchafu na meno yake huvunjikia ndani.

Mpaka siku ya kuondoka abaki kwa kaka, asiletwe kwako "kwa muda". Ukienda kumwona, nenda bila mtoto, na ukirudi badili nguo na unawe kwa sabuni kabla hujamkaribia mama. Wiki moja na zaidi kabla ya safari yake asilishwe, asije akatapika njiani.

Kwa kaka, usiseme mama amekataa. Mwambie wewe ndiye umeamua, na umweleze ile tofauti ya kujihami na kula. Amemlea miaka sita, ataielewa kuliko mtu yeyote. Kisha msaidie kutafuta, uwe naye siku ya kumkabidhi.

Na kama atajivua gamba kabla hajaondoka, ombeni gamba hilo. Likitoka zima ni refu kuliko nyoka mwenyewe, maana hutanuka linapovuka. Lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, ulitie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ulizibe. Mtandikie mwanao sakafuni, alale kando yake, ahesabu anaingia mara ngapi.